Rafiki kafariki kaacha riwaya haijaisha, mkewe anataka niimalizie. Mnashaurije?

mzee_wa_rasimu

Wakuu habari za muda huu, naombeni mawazo hasa nyie wasomaji na waandishi, maana hili jambo nalala nalo naamka nalo.

Nilikuwa na jamaa yangu tulianza kuandika pamoja tangu vijana, yaani nikimaliza sura namtumia, akimaliza yake ananitumia, tunachanana bila huruma halafu tunacheka. Mwaka jana akafariki ghafla tu, moyo, akiwa katikati ya riwaya ambayo mwenyewe alikuwa anasema hii ndo itakayobaki. Juzi shemeji kaniita, kanikabidhi laptopu na madaftari mawili, akasema shemeji wewe ndo ulikuwa unaijua hii stori kuliko mtu yeyote, imalizie tuichape, watoto wawe na kitu cha baba yao mkononi. Mjane akikuambia hivyo huwezi kusema hapana palepale.

Sasa nimefungua faili. Sura ya 1 mpaka ya 14 ziko safi, ameshazipitia. Ya 15 imekatika katikati ya sentensi, "Binti akasogea mlangoni, akashika kitasa, halafu", basi, hata nukta hamna. Kuanzia hapo ni vipande, mazungumzo ambayo hujui nani anaongea, sehemu moja kaandika kwa herufi kubwa HAPA ALIE AU ASILIE?? Kwenye daftari kachora ukoo mzima nani mtoto wa nani, na kuna mshale unatoka kwa yule mzee mwenye duka unaenda kwenye alama ya kuuliza. Mwisho wa stori aliwahi kunisimulia mara mbili, na zote mbili ulikuwa tofauti!

Nikimalizia si itakuwa stori yangu yenye jina lake? Nikiacha hivihivi nani atanunua kitabu kisicho na mwisho? Na kuna sehemu huko kati ni mbovu, angekuwa hai ningemwambia futa hii takataka, sasa hivi nina haki ya kufuta? Aliyewahi kusoma kazi zilizomaliziwa na mtu mwingine aniambie zipi zilikaa, zipi ziliharibika.

bintikurasa

Pole sana kaka, Mungu amrehemu.

Mimi nitakupa mfano ninaoona umekaa kuliko yote, mfululizo wa riwaya wa The Wheel of Time. Robert Jordan alijua kabisa anaondoka, alikuwa na ugonjwa adimu wa amyloidosis umeshashika moyo, kwa hiyo muda uliobaki akautumia kusimulia, watu wa nyumbani wanarekodi na kuandika, na lile tukio la mwisho kabisa la mfululizo akaliandika mwenyewe. Alifariki Septemba 2007. Mke wake Harriet McDougal ndo alikuwa mhariri wake miaka yote, na yeye ndo akamchagua Brandon Sanderson baada ya kusoma rambirambi aliyoiandika kwenye blogu yake. Kitabu kimoja kilichobaki kikageuka vitatu, 2009, 2010 na cha mwisho Januari 2013.

Na Sanderson alisema mapema kwamba hatajaribu kuigiza sauti ya Jordan, ataandika kwa mkono wake ila wahusika na stori vibaki vya mwenyewe. Watu wanalalamika mpaka kesho kwamba yule mhusika Mat wa vitabu vile vitatu si Mat waliyemzoea, na ni kweli, mwanzoni utani wake unasikika wa mtu mwingine kabisa. Lakini nilifika mwisho na nililia nikiwa najua namlilia Jordan.

Ila kaka usijidanganye, yule aliachiwa mwisho, wewe umeachiwa alama ya kuuliza. Hizo ni kazi mbili tofauti.

kongwe_la_maktaba

Napinga, na nitapinga mpaka uzi huu ufungwe.

Dickens alifariki Juni 1870 akiwa anatoa hadithi ya Edwin Drood kipande kwa kipande, vilipangwa 12, vilikuwa vimetoka vitatu wakati anafariki, na vilivyoandikwa vikatosha kufika sita. Kijana kapotea, nani kamuua, na kama kauawa kweli, hatujui. Tangu siku hiyo kila mwenye kalamu kaandika mwisho wake. Kuna Mmarekani mmoja mwaka 1873 alitoa wa kwake akidai roho ya Dickens ndo imemsomea yeye anaandika tu!! Haya niambieni leo nani anausoma? Watu wanasoma ile nusu, wanagombana kuhusu muuaji, na ule ugomvi ndo utamu wenyewe.

Halafu mwangalie Hergé, mchoraji wa katuni za Tintin. Alifariki Machi 1983, kaacha michoro ya penseli ya kisa kimoja kuhusu sanaa za kughushi, hakutaka Tintin aendelee na mtu mwingine baada yake. Mwaka 1986 wakachapa ile michoro ilivyo, mistari imechorwa juu ya mistari, na Tintin mwenyewe tunamuacha anapelekwa chini ya bunduki akageuzwe sanamu. Hatujui kama aliokoka. Nakuambia hakuna mchoraji angeweza kuweka mwisho unaotisha kuliko ule wa karatasi kuisha.

Na mwandishi Terry Pratchett ndo alimaliza mjadala, aliagiza diski ya kompyuta yake iliyokuwa na kazi ambazo hazijakamilika ipondwe na greda la mvuke, lile la kushindilia barabara, na Agosti 2017 msaidizi wake alifanya hivyo mbele za watu kwenye maonyesho huko Dorset, Uingereza. Hakutaka mtu apekue.

Swali langu kwako mzee_wa_rasimu ni moja tu. Marehemu aliwahi kusema lolote kuhusu hili? Si mkewe. Yeye.

msomaji_wa_usiku

Kongwe umeanza tena na greda lako, kila uzi greda 😂

Haya na Kafka je? Aliacha maandishi kwa rafiki yake Max Brod kwamba kila kitu kichomwe bila kusomwa, akafariki 1924, Brod akagoma, 1925 ikatoka The Trial, 1926 The Castle ambayo nayo imekatika katikati ya sentensi kama ya huyu jamaa wa mzee_wa_rasimu. Brod alijitetea kwamba alishamwambia Kafka usoni sitachoma, na kama alitaka vichomwe kweli angempa kazi hiyo mtu mwingine. Utetezi wa kiwakili kidogo lakini una mantiki, kuna watu wanakuambia fanya huku wakijua hutafanya.

Lakini Brod naye si malaika. Yale maandishi alikuta sura zimerundikwa kwenye bahasha hazina mpangilio, akapanga yeye anavyoona, akasafisha, akaziba, mpaka miaka mingi baadaye wataalamu wakalazimika kurudi kwenye karatasi zenyewe waone Kafka aliandika nini hasa. Hapo ndo pa kuogopa mkuu. Kuchapisha si tatizo, tatizo ni kuziba mashimo halafu unapaka rangi mtu asijue palikuwa na shimo.

Ukitaka mfano wa zamani zaidi nenda kwa Virgil, mshairi wa Roma, alifariki mwaka 19 kabla ya Kristo, utenzi wake wa Aeneid bado anaupiga msasa, inasimuliwa naye alitaka ichomwe. Kaisari Augusto akakataa, akawapa watu wawili Varius na Tucca waitoe, sharti lao wapunguze ikibidi ila wasiongeze kitu. Ndo maana mpaka leo, miaka elfu mbili, ndani ya ule utenzi kuna mistari zaidi ya 50 imeishia njiani, nusu mstari halafu kimya. Hakuna aliyekufa kwa kuisoma hivyo.

hatimiliki_kwanza

Naona mnaongea sanaa tu hamna anayegusa karatasi. Ngoja niwe mchawi wa sherehe.

Mzee_wa_rasimu kabla hujaandika hata neno moja, hakikisha nani ana haki ya kukuruhusu. Mwandishi akifa haki zake za kiuchumi hazifi, zinaenda kwa warithi, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ule wa Berne, unasema angalau miaka 50 baada ya kifo na nchi nyingi zimesogeza mpaka 70. Shemeji yako ni mrithi sawa, ila kuna watoto, labda wazazi, labda ndugu mwenye neno lake. Leo wote wanalia pamoja, siku kitabu kikiuza utawajua.

Kesi ya Stieg Larsson, mwandishi wa riwaya wa Sweden, naitoa kila siku. Alifariki 2004 kabla hata kile kitabu cha kwanza hakijatoka, hakuwa na wosia halali, na mwanamke aliyeishi naye zaidi ya miaka 30 hawakufunga ndoa. Sheria ya Sweden ikampa baba na kaka yake kila kitu. Laptopu yenye sehemu ya kitabu cha nne ikabaki upande wa yule mwanamke, haki ya kuchapisha ikabaki upande wa pili, matokeo yake kile kitabu hakijawahi kutoka, na 2015 familia ikamleta mwandishi mwingine akaandika cha kwake kabisa kwa wahusika walewale.

Kwa hiyo, barua ya warithi wote, imesainiwa. Iseme unaruhusiwa kufanya nini, kuhariri tu au kuandika pia, jina lako litakaa wapi, na pesa zinagawanywaje. Na zile faili nakili sehemu mbili tofauti leo hii, hizo za asili usiziguse tena, hata kurekebisha koma. Piga picha madaftari ukurasa kwa ukurasa. Laptopu ya marehemu ikipata maji ndo basi.

fundi_katuni

Nashangaa Berserk, ile manga (katuni ya Kijapani) ya Kentaro Miura, haijatajwa mpaka sasa.

Miura alifariki Mei 2021, mshipa mkubwa wa moyo ulichanika, miaka 54 tu, na ile manga alikuwa anaichora tangu 1989. Sisi tulishakubali kwamba imeisha pale, mhusika mkuu Guts kasimama hana la kufanya, yaliyobaki kila mtu amalizie kichwani kwake. Mwaka uliofuata, Juni 2022, rafiki yake Kouji Mori ambaye naye ni mchoraji akajitokeza na barua. Akasema karibu miaka 30 nyuma Miura alimwita amsaidie kufikiria, wakakaa pamoja, akamsimulia stori yote mpaka mwisho, kwa hiyo yeye ndo mtu pekee anayeijua. Ila ndo sehemu ninayotaka uisome vizuri mzee_wa_rasimu, akaahidi ataandika yale tu aliyosimuliwa, hatanenepesha, na asichokikumbuka vizuri hatakiweka. Wanaochora ni wanafunzi wa studio ya Miura mwenyewe, Studio Gaga. Na kila toleo linasema wazi kazi asili ya Miura, msimamizi Mori, michoro Studio Gaga.

Imekuwaje? Imekuwa nyembamba. Mambo yanaenda haraka, zile kurasa Miura angekaa na uso mmoja mpaka uone nywele ya nyusi, sasa hivi zinapita. Kuna mashabiki wameacha. Mimi naendelea kusoma na naheshimu ule wembamba, kwa sababu kila palipo pembamba najua Mori kakataa kutunga.

Wewe umesimuliwa miisho miwili tofauti. Kwa kanuni ya Mori huna hata mmoja, au unayo yote miwili. Fikiria hilo la yote miwili.

gitaa_kavu

Samahani naingilia uzi wa watu. Mimi wangu yuko hai. Kaka yangu mkubwa ndo mtunzi kwenye bendi yetu, alipata ajali ya gari, mkono wa kulia haufanyi kazi na maneno yanatoka kwa shida. Tulikuwa na albamu nusu. Wenzangu wanasema tumalizie tumpe zawadi, ikitoka atafurahi. Mimi roho inagoma ila sijui kwa nini inagoma.

bintikurasa

@gitaa_kavu inagoma kwa sababu mnamzika mtu aliye hai! Samahani kwa ukali.

Curtis Mayfield mnamjua? Agosti 1990 akiwa jukwaani Brooklyn mitambo ya taa ikamwangukia kwa upepo, akapooza kuanzia shingoni, gitaa akawa hawezi kushika tena maisha yake yote. Mwaka 1996 akatoa albamu New World Order. Alikuwa analazwa chali studio ili mapafu yapate nguvu, anaimba mstari mmoja, anapumzika, mwingine, wanaunganisha. Hakuna aliyemalizia kwa niaba yake, walimsubiri apumue. Stephen King naye aligongwa na gari Juni 1999 akitembea kando ya barabara, nyonga, mguu, mbavu, pafu, wiki kama tano baadaye alikuwa kwenye meza anajaribu kuandika huku akiumia, na ule mfululizo wake wa The Dark Tower ambao wasomaji walishaogopa utabaki yatima akaumaliza 2004.

Sisemi kaka yako atapona kama hao. Nasema mrekodie mlichonacho, mpelekee, wimbo mmoja mmoja, akisema hapana kwa kichwa ni hapana, akipiga kidole mezani huo ndo mdundo. Ikichukua miaka mitatu ichukue.

gitaa_kavu

Dada nimekuelewa. Kweli kabisa hatujawahi kumuuliza, tumeuliza daktari, tumeuliza mama, yeye hatujamuuliza. Kesho nampelekea.

msomaji_wa_usiku

Kabla hatujapoa niongeze la muziki. Puccini alifariki Novemba 1924 opera yake Turandot haijaisha mwisho, akaitwa Franco Alfano akaumalizia kwa notisi zilizobaki. Usiku wa kwanza pale La Scala, ukumbi wa opera wa Milan, Aprili 1926, Toscanini, kondakta wa okestra, akafika mahali yule kijakazi Liù anakufa, akaweka fimbo chini, akageukia watu akawaambia hapa ndipo maestro alipoishia. Pazia. Usiku wa pili ndo wakapiga pamoja na mwisho wa Alfano. Yaani watu wa jiji moja walipewa vyote viwili na hakuna aliyedanganywa.

Linganisha na Requiem, misa ya wafu, ya Mozart. Alifariki Desemba 1791, ile sehemu ya Lacrimosa kaacha vipimo vinane tu vya mwanzo, mkewe Constanze alihitaji malipo yaliyobaki kwa hiyo kazi ikakamilishwa kimyakimya na mtunzi mwenzake Süssmayr, tena mwandiko wake ulifanana na wa Mozart, na ikapelekwa kwa mteja kama ya Mozart tupu. Wataalamu hawajaacha kuichambua hii nota ya nani ile ya nani. Na bado ni nzuri, hapo ndo utata ulipo! Kongwe njoo unijibu hapa.

kongwe_la_maktaba

Nimekuja. Ni nzuri mpaka Mozart anapoishia, baada ya hapo ni heshima. Lakini nakubali Constanze alikuwa na watoto wawili na madeni, simlaumu mjane. Wala simlaumu huyu shemeji. Ninayemkaba ni mwandishi anayeshika kalamu.

mzee_wa_rasimu

Wakuu mmenisaidia kuliko mnavyodhani. Nimerudi kwa shemeji jioni hii tumeongea kirefu.

Kongwe, hakuwahi kusema. Nimetafuta hata kwenye meseji zetu za nyuma. Kitu pekee nilichopata ni kwamba kuna siku nilimtania nikamwambia ukifa namuoza yule binti kwa mzee wa duka, akanijibu ukifanya hivyo nakuja kukutoa kitandani. Kwa hiyo hiyo angalau najua haipo.

Shemeji nimemsomea habari ya yule kondakta kuweka fimbo chini. Akanyamaza halafu akasema kumbe inawezekana. Alichokuwa anaogopa si kitabu kukosa mwisho, alikuwa anaogopa watu waseme mumewe alishindwa. Tumekubaliana hivi, sura 14 zinaingia zilivyo, nitarekebisha makosa ya chapa tu, ya 15 inaishia inapoishia, hatuongezi nukta. Halafu vile vipande na kurasa za daftari zinachapwa kama picha, na ule mchoro wa ukoo. Baada ya hapo kuna sehemu yangu yenye jina langu, nasimulia ile miisho miwili kama alivyonisimulia, kwanza ule wa kwanza halafu wa pili, bila kuchagua. Ile sehemu mbovu nimeiacha. Roho inaniuma lakini nimeiacha.

Mkubwa wa watoto ana miaka 19, ameomba asome kabla ya mtu mwingine yeyote. Nimempa nakala. Faili za asili nimezinakili sehemu mbili @hatimiliki_kwanza nimekusikia, barua ya warithi wiki ijayo maana mama yake marehemu naye lazima asaini.

kongwe_la_maktaba

Hapo sina neno. Nitanunua.

fundi_katuni

Safi sana. Kitu kimoja cha kiufundi, sehemu yako isichapwe kwa herufi zilezile za kwake. Tumia aina nyingine ya herufi na ianze ukurasa mpya wa kulia, mtu akifungua kitabu popote ajue yuko kwa nani. Na zile kurasa za daftari usipige kwa simu, tafuta skana nzuri, rangi kamili, penseli inapotea kirahisi sana ukigeuza nyeusi na nyeupe. Ukikwama kwenye kupanga kurasa njoo inboksi, nafanya hiyo kazi kila siku, hii nitaifanya bure.